Mmeosha Mtungi

Watu wanaoniona leo na fimbo yangu hudhani nilizaliwa hivi hivi, mzee na mwenye heshima zake. Thubutu! Nilikuwa mfuaji wa shuka za wagonjwa, na chumba changu cha bibi harusi kilinuka pombe.

Zahanati ya misheni ilikuwa juu ya kilima huku kwetu Iramba, enzi za Mwingereza, na kanisa lilikuwa uani hapo hapo, kiasi kwamba mgonjwa akikohoa wodini mchungaji anamsikia mimbarini. Sisi wanawake wa kufua tulikaa upande wa nyuma. Maji yetu machafu, ya sabuni, ya damu, ya usaha, na mengine nisiyoyataja maana huenda mnakula, yalikuwa yakiteremka bondeni mpaka kwenye visima vya mchangani. Watu wa bondeni walichota humo, na ndama wao walikunywa humo. Walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Ndipo muuguzi mkuu, mama wa Kizungu tuliyezoea kumwita Bibi tu, akajengesha matangi mawili ya matofali. La kwanza lilikuwa la kutuliza tope. La pili ndilo lililonitesa, na ndani yake alitaka tutungike nyuzi za mkonge.

Katani, ile ile ya kusokotea kamba. Mkonge ulikuwepo tele, watu waliupanda kuzungushia maboma yao. Tuliukata, tukauponda, tukaukwangua mpaka mikono ikawasha, tukafunga nyuzi mafungu mafungu kwenye fito, na fito tukazilaza juu ya tangi ili nyuzi zining'inie majini. Maji yanaingia upande huu, yanapita taratibu katikati ya nyuzi, yanatokea upande ule. Sisi tukasema, haya, ni chujio. Bibi akasema si chujio, tungoje tuone.

Tukangoja. Nyuzi zikaanza kuota utelezi, kwanza wa kijivu, baadaye wa kahawia, mzito, unaovutika kama mlenda. Kinyaa kitupu! Lakini harufu ya maji ikawa inapungua wiki hadi wiki, mpaka yakawa yanatoka maji ambayo wewe usingeyanywa lakini mchicha uliyapenda sana. Watu wa bondeni wakanyamaza. Bibi akatukusanya, akatueleza kwa Kiswahili chake cha kujikwaajikwaa kwamba ule utelezi ni viumbe hai, vidogo visivyoonekana kwa macho, vimejenga kwao kwenye zile nyuzi na chakula chao ni uchafu wetu.

"Msiuoshe," akasema. "Nyuzi zitaoza, mtabadilisha. Lakini mkibadilisha, za zamani nyingine zibaki. Zitawaambukiza wapya."

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wetu pale kwenye kufua, akadakia kwa furaha, "Ahaa! Kama vile ule..." Halafu akashikwa na kikohozi. Alikohoa mpaka Bibi mwenyewe akamletea kikombe cha maji.

Mimi nilijua kikohozi kile kimetoka wapi, nikaangalia chini nisicheke. Alitaka kusema, kama vile ule mtungi wa pombe. Mtungi wa pombe hauoshwi ukatakata. Unausuuza kidogo, ule ukoko wa ndani unauacha, kwa sababu ndio utakaoiumua pombe inayofuata. Mwiko wake nao hivyo hivyo. Mwanamke yeyote aliyewahi kuotesha mtama ukawa kimea, akaupikia pombe, anajua. Sasa, mama mkwe alikuwa mwimbishaji wa kanisa, anakaa benchi la mbele, na kanisa lile lilikuwa na sheria moja isiyochezewa. Mkristo akikutwa na pombe, kuinywa au kuipika, anatengwa. Hapewi meza ya Bwana, na akifa kabla hajarudishwa hapigiwi kengele.

Hiyo kengele ndiyo iliyokuwa inamnyima raha. Baba mkwe alikuwa ameokotwa njia ya Shelui siku ya mnada, amelewa, anaongea na punda. Wakamtenga. Akaugua mwaka huo huo, akafa, akazikwa na ndugu tu, bila wimbo, bila mchungaji. "Kengele ilikuwa pale pale, mkamwana," mama mkwe aliwahi kuniambia tukiwa tunapeta uwele. "Naiona kwa macho. Na haikulia." Aliposema hivyo hakulia. Alipeta kwa nguvu mpaka uwele ukaruka nje ya ungo. Alitaka siku yake yeye kengele ilie, bondeni kote wasikie, na alikuwa tayari kufua usaha wa dunia nzima ili iwe hivyo.

Sasa mtaniuliza, kama anaiogopa hivyo, pombe anapikia nini? Hamjalima ninyi! Mume wangu alikuwa kibarua wa reli kule Itigi, shemeji alikuwa kwenye mashamba ya Tanga. Shamba la mjane lilimwe na nani? Kwetu ukiwa na shamba kubwa na mikono michache, unapika pombe, unaalika majirani, wanalima tangu asubuhi na jua likiwa kali wanakaa kivulini wanakunywa. Bila mtungi unalima peke yako na mkamwana mmoja mvivu. Mvivu ndiye mimi, alivyokuwa akinieleza kwa watu. Kwa hiyo alipika. Na alipikia chumbani kwangu, kwa kuwa, alisema, ni mzee gani wa kanisa atakayeingia kupekua chumba cha bibi harusi? Nililala na mitungi mimi. Inavyotokota usiku utadhani kuna mtu anasema siri zako.

Basi ikafika siku nyuzi za mkonge zikaanza kukatika zenyewe. Bibi alikuwa amesafiri, amekwenda Singida mjini na kwingine huko kutafuta dawa, na tukajulishwa kwamba anarudi na lori karibuni. Mama mkwe hakuwepo kazini. Alikuwa ameaga kwamba mgongo unamuuma, na kweli mgongo wa mtu anayesimamia watu wanaolima na kugawa pombe lazima uume. Tukabaki sisi wadogo.

Na sisi tulilelewa. Mtu wetu akirudi safari, nyumba inasiribwa upya, vyombo vinasuguliwa kwa majivu na mchanga, ua unafagiliwa mpaka mchwa wanahama. Bibi wetu arudi akute tangi linateleza vile, tusemwe kwamba hatukufundwa? Tukatoa nyuzi zote. Zote! Tukaliingia tangi lenyewe na majivu, tukalisugua kuta, tukalisuuza, tukalisugua tena huku tunaimba. Tukaponda mkonge mpya, tukauanika ukawa mweupe pe, tukauchana kwa vidole kama nywele. Mtu ungependa kuolewa ndani ya lile tangi. Nilisugua kwa mikono yangu hii na nilijisikia vizuri sana, na mpaka leo sioni aibu, kwa maana usafi ule ulikuwa wa haki.

Mama mkwe aliporudi na mgongo wake, akachungulia ndani. Akaweka mkono kichwani.

"Uwiii! Mmeosha mtungi!"

Wenzangu wakafa kwa kicheko, maana wote walijua mambo yake, nusu yao walikuwa wamewahi kulima kwake. Lakini kicheko hakikukaa. Maji yalianza kutoka kama yalivyoingia, ya kijivu, na povu, na harufu inayokukaba koo. Siku chache baadaye wanawake wa bondeni wakapanda kilima na vibuyu vyao vitupu, wakasimama uani na kutuambia maneno ambayo kwa Kiswahili hayapo. Tukaulizana, nyuzi za zamani ziko wapi? Aliyezitupa akasema alizitupa jalalani. Jalalani hazikuwepo. Tukasema basi zimechomwa.

Hapo mama mkwe angeweza kunyamaza. Angesema, mimi nilikuwa naumwa, waulizeni hawa watoto. Hakuna ambaye angemgusa. Lakini yule mwanamke alikuwa na ugonjwa mmoja, hakuweza kuona kitu kinakataa kuumuka akakipita. Ukipika uji wa uwele ukakataa kuchacha, atakuja na mwiko wake. Usiku ule hakula vizuri. Asubuhi akaniambia, "Chumbani kwako kuna machicha ya pombe ya juzi, bado yanapumua. Yaweke kwenye beseni, funika na shuka."

"Mama, ile ni pombe. Kule kuna uchafu."

"Utelezi ni utelezi. Twende."

Nikajitwika. Machicha ni mazito, na yana joto lake, na yanatiririka. Tulipofika karibu na kanisa, nani anatoka mlangoni? Baba Mchungaji mwenyewe, mtu wetu wa hapa hapa, mrefu, mtaratibu, hacheki ovyo.

"Shikamoo, Baba Mchungaji," nikasema, na nilipopiga goti kidogo kitu kikanidondokea sikioni.

"Marahaba. Mmebeba nini asubuhi yote hii?"

"Shuka za wagonjwa," mama mkwe akajibu upesi.

Mchungaji akatembea nasi. Kwa nini atembee nasi? Mungu anajua. Akatuuliza habari za reli ya Itigi, akauliza mvua, akavuta pumzi ndefu kwa pua. "Wagonjwa wa wodi gani hawa?" akauliza. Mama mkwe akasema wodi ya wanaume. Mchungaji akasema pole yao, akakata njia ya nyumbani kwake. Mimi kifua kilikuwa kinagonga kama kinu. Mama mkwe alikuwa anaimba wimbo wa Pasaka.

Tukayamwaga machicha tangini, yeye akayapaka kwenye nyuzi kwa mikono, fungu kwa fungu, anayasemesha.

Jamani, yaliumuka. Kwa hilo simlaumu. Jua la kiangazi likalipiga tangi, maji ya vuguvugu ya kufulia yakaingia, na povu likapanda mpaka likatoka nje. Harufu ya uchafu haikuondoka. Ilichanganyika na harufu ya pombe, pombe kali iliyolala, ikatambaa wodini, jikoni, kila mahali. Mzee mmoja aliyekuwa hajainuka kitandani tangu aletwe alikutwa amekaa, ananusa dirishani. Wapita njia wakaja kutuuliza kwa adabu ni nani anayealika watu. Na Bibi akashuka kwenye lori Jumamosi, akavuta hewa, akasema, "Nini hii?"

Jumapili upepo ukageukia kanisani. Mama mkwe alikuwa benchi la mbele. Alianzisha wimbo juu sana, sauti ikapasuka. Mchungaji alihubiri habari ya arusi ya Kana, ndivyo ilivyokuwa imepangwa, si yeye aliyechagua, na kila alipotaja divai wanaume wa nyuma waliinamisha vichwa mabega yanatetemeka. Mwisho wa ibada hakutoa baraka. Alifunga kitabu. "Wazee wa kanisa, nifuateni," akasema. Sisi wote tukafuata.

Tulilizunguka tangi. Bibi alikuwa ameshafika, mikono mfukoni, hajaelewa kitu. Mama mkwe alisimama karibu nami, ameshika khanga yake kwa chini ya kidevu, na mkono wake ulikuwa wa baridi nilipougusa. Nilimhurumia. Nilijua anafikiria nini. Alikuwa anaitazama kengele, ile pale juu ya nguzo yake, karibu na mti wa mnyaa.

"Aliyefanya hivi aseme mwenyewe," mchungaji akasema kwa Kinyiramba. "Akikutwa bila kusema, mnajua."

Hakuna aliyejikuna. Mchungaji akainama, akavuta fungu moja la nyuzi, akabandua machicha kidogo, akayasugua katikati ya kidole gumba na cha shahada. Akayanusa. Akayasugua tena, ameinamisha kichwa, na nadhani alisahau kabisa yuko wapi na sisi ni nani. Akasema taratibu, kama mtu anayejisemea jikoni kwake,

"Kimea hiki kiliwahishwa kuanikwa. Hakijaota."

"Kimeota!" mama mkwe akaruka. "Kimeota mpaka mizizi! Umeona wapi kimea changu kimewahishwa? Uliza mtu yeyote hapa!"

Halafu akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Nasema hivi, hata nzi walitulia. Wazee wa kanisa walimtazama mama mkwe. Halafu, mmoja mmoja, macho yao yakahama, yakaenda kwa mchungaji, yakakaa hapo hapo. Kwa maana hakuna mtu anayejua kwa vidole vyake kama kimea kimeota au hakijaota, ila aliyewahi kukilea. Mchungaji naye akaliona hilo linamjia. Shingo yake ndefu ikaingia mabegani.

Bibi, ambaye Kinyiramba hakukijua hata kidogo, akauliza, "Wanasema nini? Mama huyu anasema nini?"

Mchungaji akajipangusa vidole kwenye koti.

"Anasema," akajibu kwa Kiswahili, "kwamba wakati wa kubadilisha, nyuzi zote za zamani zilitolewa. Anasema ilifaa nyingine zibaki, ziziambukize mpya. Amejaribu kusaidia na... na unga wa mtama. Haikufaa."

Bibi akapiga makofi. "Ndiyo! Ndiyo kabisa! Mimi nilisema!" Akamshika mama mkwe mabega akamtikisa kwa furaha. "Zile za zamani ziko wapi?"

Sasa mke wa mchungaji, mama mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akisema neno kanisani, akakohoa. "Ziko kwangu," akasema. "Niliziokota jalalani. Nimefunikia vitunguu bustanini."

Hapo hata wazee wa kanisa hawakuweza. Yule mkubwa wao alikaa chini kwenye tofali akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Jioni ile ile mchungaji aliinama katikati ya vitunguu vya mkewe, koti lake zuri begani, anachomoa nyuzi zenye utelezi na kutupa kwenye ndoo yangu. Kwa chini, zilipogusa udongo, zilikuwa bado mbichi, zinateleza vile vile. Machicha tuliyaosha yote, tukazitungika nyuzi zile katikati ya mpya, tukakatazwa kusogea na majivu. Ilichukua muda. Kwanza kijivu, baadaye kahawia. Watu wa bondeni wakarudi kunyamaza.

Lakini kabla ya hapo mchungaji alikuja nyumbani kwetu, peke yake. Nilimpa kigoda. Hakukaa vizuri.

"Mama yangu alinisomesha kwa kimea," akasema. "Nilikuwa namgeuzia mtama kwenye majani kila siku kabla ya kwenda shule. Usipike tena, mama. Safari hii wazee wamecheka. Safari nyingine hawatacheka."

"Na shamba langu atalilima nani?"

Mchungaji akalitazama jembe lililoegemea ukutani. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga, na hakuinua macho. Sijawahi kusikia mtu akisema neno kwa hasira ya chini namna ile.

"Umenisamehe mimi kwa sababu vidole vyako vilikusaliti. Mume wangu hakuwa na bahati hiyo. Ulimnyima kengele, Baba Mchungaji, na wewe kimea unakijua."

Mchungaji akainuka, akaaga, akaenda zake.

Mvua za kwanza zilipoanguka alikuja na jembe. Nyuma yake wazee wa kanisa, kila mmoja na lake, nyuso zimekunjamana. Walilima kwa uji. Walilima juu juu kama kuku wanaoparua, na mama mkwe aliwapitia mstari kwa mstari akiwaambia kwamba watu wa pombe walikuwa wanafika chini zaidi. Mwaka uliofuata walikuja tena, na uliofuata tena. Yeye pombe aliiacha. Mtungi mmoja mdogo ulibaki chumbani kwangu, kwa ajili ya mgongo, alivyosema, na mimi huwa simsemi marehemu.

Alifariki bendera ya Malkia ikiwa bado inapepea bomani, msimu wa kuvuna uwele. Alikuwa benchi la mbele mpaka Jumapili yake ya mwisho. Tulimzika mchana, na nyimbo zote, na watu wa bondeni walipanda wote. Mchungaji alikuwa ameshazeeka, magoti mabovu, lakini alimkataza kijana kupiga kengele, akaishika kamba mwenyewe. Ililia mpaka bonde zima likaitika. Nilijifunika uso kwa khanga nikalia kwa sauti, sikujali. Ikanyamaza. Watu wakaanza kuokota majembe, wanawake wakasogea jikoni.

Ikaanza tena. Polepole, tangu mwanzo, kama inavyopigiwa mtu mwingine. Nikageuka. Mchungaji alikuwa amefumba macho, anavuta kamba, na mzee yule aliyecheka siku ya tangi alikuwa amevua kofia. Hakuna aliyeuliza hii ni ya nani. Tulisimama pale pale tulipokuwa mpaka ikaisha, halafu tukaenda kula.